Pweza wa Brighton

Agosti 1872 mji wa Brighton, pwani ya kusini ya Uingereza, ulikuwa na maonyesho mawili makubwa. Jumamosi tarehe 10 ulifungua rasmi akwaria yake mpya, yenye tangi kubwa kuliko tangi lolote la samaki duniani wakati huo. Ijumaa iliyofuata, tarehe 16, Henry Morton Stanley akapanda jukwaani katika mji huohuo kueleza alivyomkuta David Livingstone kule Ujiji. Kutoka ukumbi wa Stanley hadi jumba la samaki ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu.

Kwa kawaida hadithi hizi mbili haziwekwi meza moja. Ya samaki utaikuta kwenye vitabu vya wanyama, ya Stanley kwenye vitabu vya wazungu waliopita kwetu. Mimi nilizikuta zimekaa pamoja kwa sababu nilikuwa naishi Uingereza, nikapata siku ya ofu, na nikaenda kutazama pweza.

Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa Nakuru. Bahari nilikuwa nimeiona mara mbili maishani, mara zote kwa basi la shule, na pweza nilimjua kwa sifa za supu tu, ile inayouzwa jioni Mombasa na wanaume wanainywa huku wakitazama pembeni. Historia niliisoma chuoni miaka miwili, karo ikakata, nikaacha. Baadaye nikapata kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee kusini mwa Uingereza, zile kazi ambazo siku hizi nusu ya mtaa inazitafuta. Huko ndiko nilikokutana na mama mmoja wa makamo kutoka Tanga, mfanyakazi mwenzangu wa shifti za usiku. Yeye aliniita mwanangu, mimi nikamwita Mama, na kila asubuhi nilipompokea zamu nilimpa shikamoo yake, maana Mkenya akisahau shikamoo mbele ya Mtanzania siku nzima inaharibika. Ndiye aliyesema twende Brighton. “Nimechoka kuiona bahari kwenye simu,” akasema.

Tukapanda treni asubuhi, siku ya Machi yenye upepo wa kukata masikio.

Hata hiyo safari ya kwenda na kurudi siku moja ina historia yake. Reli ya London hadi Brighton ilikamilika 1841. Kabla ya hapo Brighton ilikuwa ya wenye nafasi, watu waliokuja na farasi na watumishi, wakakaa miezi. Mfalme George wa Nne alijijengea kasri pale, lile la kuba na minara ambalo mbunifu John Nash alilimaliza miaka ya 1820. Mama alipoliona kwa mbali akauliza, “Msikiti ule?” Si msikiti, ni ndoto ya mfalme aliyewaza Bara Hindi bila kufika. Ajabu ni kwamba Wahindi wenyewe walikuja kulala humo: kuanzia 1914 hadi 1916 lilikuwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa kwenye vita Ufaransa. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Reli ilileta mtu wa kawaida. Karani, fundi, mfanyakazi wa kiwandani aliweza kupanda behewa la bei nafuu asubuhi, akanusa chumvi, akala kitu, akarudi usiku. Kisha 1871 bunge likapitisha sheria ya sikukuu za mabenki, na Agosti ikapata siku yake ya mapumziko. Kwa hiyo ile akwaria ilipofunguliwa 1872, wateja walikuwa tayari, wana saa sita mkononi na sarafu chache mfukoni, wanatafuta cha kufanya mvua ikinyesha. Na Uingereza mvua inanyesha. Ufuo wenyewe pale Brighton ni kokoto tupu, hakuna mchanga, ukitembea unasikia kama mtu anamwaga mahindi makavu. Tulikaa dakika ishirini hivi, Mama akavuta kofia, akasema basi, bahari nimeiona, tuingie ndani.

Kabla sijaingia ndani, turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuiweka bahari ndani ya kioo hakukuwa jambo dogo. Ukichota maji ya bahari ukatia samaki, siku mbili tatu wanakufa na maji yananuka. Kila mtu wa pwani anajua hilo bila kusomea. Swali lilikuwa jinsi ya kuzuia.

Mmoja wa watu wa kwanza kulijibu kwa kioo alikuwa mwanamke, Jeanne Villepreux-Power, binti wa fundi viatu kutoka kijiji cha Ufaransa. Alienda Paris akiwa msichana, akawa mshonaji wa nguo, akaolewa na mfanyabiashara, wakahamia Messina, kisiwa cha Sicily. Hakusomea sayansi popote. Huko Messina alivutiwa na argonauta, aina ya pweza ambaye jike lake hukaa ndani ya gamba jembamba jeupe. Wataalamu walikuwa wanabishana: je, analitengeneza mwenyewe, au ameliiba kwa mnyama mwingine, kama kaa yule anayehamia kwenye magamba ya kuokota? Mwaka 1832 Jeanne akatengeneza matangi ya kioo, akawafuga, akawatazama tangu wakiwa vichanga. Wanalitengeneza wenyewe. Akivunja kipande, wanakiziba. Ubishi ukaisha, angalau kwa aliyekubali kusikiliza mshonaji. Mwaka 1838 meli iliyobeba sehemu kubwa ya makusanyo na michoro yake ikazama. Mtu aliyeitoa bahari majini, bahari ikamchukulia vitu vyake. Nilipomsoma huyu mama nilifunga simu nikakaa kimya kidogo.

Halafu yuko Anna Thynne, mke wa kasisi, aliyeishi pembeni mwa Westminster Abbey jijini London. Mwaka 1846 alibeba matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay hadi nyumbani kwake mjini, na akafanikiwa kuyaweka hai kwa miaka. Siri yake ilikuwa hewa. Maji yalitakiwa kumwagwa kutoka chombo hadi chombo, juu chini, mbele ya dirisha lililofunguliwa, kila siku, kama mtu anayepooza chai. Vitabu vinampa sifa Anna. Aliyemwaga maji ni mfanyakazi wake wa ndani, zaidi ya nusu saa kwa siku, na jina lake sijaliona mahali. Mimi kwa kazi yangu ya kuinua wazee na kubadilisha mashuka nilijua mara moja nani kati ya wawili hao alikuwa na maumivu ya mgongo.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Ushuru wa vioo Uingereza uliondolewa 1845, kioo kikashuka bei. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington akaeleza kwamba mimea ikiwekwa kwa kipimo pamoja na wanyama, hewa inajirudisha yenyewe. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kilichoitwa *The Aquarium*, na hapo ndipo neno lenyewe likaenea. Gosse alikuwa mlokole kabisa, anaona mkono wa Mungu katika kila kamba na kila kiti cha pweza. (Kiti cha pweza ndiye yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota. Mzungu alitazama akaona nyota, Mswahili akaona pweza amepata mahali pa kukaa.) Wasomaji wake wakateremka pwani na ndoo na patasi. Kila nyumba yenye sebule ikataka kidimbwi chake. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 kwa uchungu kwamba vile vidimbwi vya mwambani alivyotembea na baba yake utotoni vimekwisha, vimechotwa na kukanyagwa na jeshi la watu waliosoma vitabu vya baba yake. Watu walipenda kitu hadi wakakimaliza. Na baba yake, nadhani, aliondoka duniani akijua.

Akwaria ya Brighton ilijengwa na Eugenius Birch, mhandisi aliyekuwa maarufu kwa kujenga magati ya starehe, yale yanayoingia baharini kwa nguzo za chuma. Pale aliijenga chini ya barabara, ubavuni mwa genge, kwa sababu jumba refu lingewazibia wenye nyumba za juu mandhari yao. Kwa hiyo unateremka ngazi. Ndani ni korido ndefu yenye matao na nguzo kama kanisa, na matangi yako pande mbili ukutani pale ambapo kanisani ungetarajia watakatifu. Matao hayo bado yapo. Tangi kubwa la wakati ule lilibeba galoni 100,000 za maji. Kulikuwa na chumba cha kusomea, bustani ya ndani, na baadaye sehemu ya juu ya kutelezea kwa viatu vya magurudumu.

Lakini aliyewaleta watu ni pweza.

Mwaka 1866 mwandishi Mfaransa Victor Hugo, akiwa uhamishoni kisiwa cha Guernsey, alitoa riwaya ambamo mvuvi anapigana na pweza ndani ya pango. Ulaya yote ikashikwa na homa ya pweza. Wengi walikuwa hawajamwona, na wasiyemwona ndiye wanayemwogopa. Kwa hiyo Brighton ilipotangaza kwamba ina mmoja, hai, watu walijaa. Walimkuta amejificha kwenye kona, rangi ya mwamba, hafanyi lolote. Nadhani wengine walidai pesa zao kimoyomoyo.

Mtaalamu wa pale, Henry Lee, alimtazama kwa muda mrefu kuliko wageni, na mwaka 1875 akatoa kitabu kizima kumhusu. Ndani yake kuna kisa ambacho wanasayansi wanakirudia hadi leo. Katika tangi moja walikuwa wamewekwa samaki wadogo wanene wa bahari za baridi, wa aina inayojibandika mwambani kwa tumbo. Wakaanza kupungua. Leo mmoja, kesho mwingine. Maiti hazionekani, tangi halijatoboka. Watu wakaanza kushukiana. Kisha asubuhi moja pweza wa tangi la jirani akakutwa humo, ameketi. Alikuwa akipanda ukuta usiku taa zikizimwa, anavuka nchi kavu, anateremkia kwa jirani, anakula, anarudi kwake kabla wafanyakazi hawajafika. Siku ile alichelewa.

Nilimsimulia Mama kisa hiki tukiwa mbele ya tangi la pweza. Hakushangaa hata kidogo.

“Pweza mwizi sana,” akasema. “Lakini huyu ni wa usiku. Wa kwetu anatembea mchana, ndiyo maana tunampata.”

Na ni kweli. Baadaye nilithibitisha: pweza wa kawaida wa Ulaya hupenda giza, na yule mkubwa wa miamba ya Bahari ya Hindi huwinda mchana. Mama hakusoma popote. Alikulia kando ya bahari, na maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, aliondoka na bibi yake wakiwa na kijiti chenye ncha, wanakagua mashimo. Akanieleza mlango wa pweza unavyojulikana: magamba ya kaa na chaza yaliyotupwa nje, kama mtu asiyefagia. Akanieleza kwamba jike akishataga hatoki tena, anayalinda mayai, anayapepea, hali chochote, na yakianguliwa anakufa. “Bibi alikuwa anasema huyo muache. Ukimchukua umechukua kijiji.”

Hiyo ndiyo hoja ambayo miradi ya uvuvi inaihubiri siku hizi, na baadhi ya vijiji vya pwani, Zanzibar na hata upande wetu wa Kenya, hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Inaitwa usimamizi wa rasilimali. Bibi wa Tanga hakuwa na jina lake.

Tuliendelea na korido. Sehemu ya bahari za joto, kila kioo kilikuwa na kibao chenye jina la Kiingereza na la Kilatini. Mama hakuvisoma. Alikuwa anaita tu, kama mtu aliyeingia harusini akakuta majirani. Huyu kangaja. Hawa vitatange, tazama walivyovaa. Chewa. Taa yule, amelala mchangani. “Na huyu ni nani, Mama?” “Mkunga huyo, mwanangu, usimtie mkono mdomoni.” Pale kwa kasa alinyamaza. Kasa alipita juu yetu polepole, na Mama akamfuata kwa macho hadi mwisho wa tangi, akarudi naye tena, mara tatu nne. Sijui alikuwa anawaza nini, na mtu mzima akinyamaza namna ile huulizi.

Sasa Stanley.

Wiki ile ya Agosti 1872 jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza ilikuwa na mkutano wake wa mwaka Brighton. Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, alikuwa ametoka Afrika miezi michache kabla. Ukumbi ulijaa. Napoleon wa Tatu, mfalme wa Ufaransa aliyepinduliwa, alikuwa miongoni mwa wasikilizaji pamoja na mkewe. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Francis Galton, na Galton hakumpenda mgeni wake. Aliwaambia watu kwamba pale wanataka ukweli wa kijiografia na si hadithi za kusisimua. Akamuuliza pia kuhusu asili yake, kwa kuwa kulikuwa na tetesi kwamba yeye si Mmarekani, ni mtoto wa Wales aliyelelewa nyumba ya maskini. Stanley akakana. Tetesi zilikuwa kweli. Siku hizohizo, kwenye karamu moja palepale Brighton, watu wakacheka akiwa anahutubia, akainuka akaondoka amekasirika.

Kwa hilo namhurumia kidogo, kidogo tu. Mtu asiye na shule ya maana anasimama mbele ya walio nayo, na wao wanataka kwanza kujua ametoka nyumba gani.

Lakini tazama walichokuwa wanabishania. Swali kubwa la kisayansi la siku ile lilikuwa mto Rusizi, upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Je, mto unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, basi huenda Tanganyika ndiyo chanzo cha Nile. Kama unaingia, siyo. Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi kutoka Ujiji Novemba 1871 pamoja na wapiga makasia, wakafika, wakaona kwa macho: unaingia. Hiyo ndiyo habari iliyopelekwa Brighton.

Sasa, Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858, karibu kabisa na hapo. Hawakuufikia mto, lakini waliuliza, na watoto wa chifu wa pale wakawajibu: unaingia ziwani. Miaka kumi na minne, vikao, barua, magazeti, matusi kati ya Burton na Speke hadi Speke akafa, na jibu lilikuwa limeshatolewa na vijana ambao kila siku waliuona mto ukipita. Sisemi wazungu wasingepaswa kwenda kuangalia. Kuangalia ni vizuri. Nasema kwamba ukumbini Brighton jibu lilihesabiwa kuwa limepatikana siku Stanley alipolitamka.

Na Stanley hakurudi Ulaya peke yake. Alikuja na mtoto. Jina la mtoto lilikuwa Ndugu M’Hali. Alikuwa mtumwa, mfanyabiashara Mwarabu wa Tabora akampa Stanley zawadi. Stanley hakulipenda jina, akambadilisha akamwita Kalulu, ambalo kwa maelezo yake ni mtoto wa paa. London walipiga picha pamoja studioni, Stanley na helmeti na nguo za safari, Kalulu nyuma yake na bunduki, mandhari ya Afrika yametengenezwa kwa ustadi wa fundi wa picha. Picha zikauzwa. Kalulu alipelekwa shule London. Alipelekwa Marekani. Aliandikiwa kitabu mwaka 1873 chenye jina lake. Alitengenezewa sanamu ya nta kwa Madame Tussaud, na watu wakalipa kiingilio kuitazama. Aprili 1874 alikuwa kwenye mazishi ya Livingstone, Westminster Abbey, pembeni mwa nyumba ambamo miaka ishirini na minane kabla mfanyakazi wa ndani alikuwa anamwaga maji ya matumbawe dirishani. Kisha Stanley akarudi naye Afrika, na mwaka 1877 Kalulu akazama kwenye maporomoko ya mto Kongo akiwa bado kijana mdogo sana. Stanley akayapa maporomoko jina lake, jina lile la pili.

Sitaki kusema Kalulu alikuwa pweza wa Stanley. Ni rahisi mno, na mtoto hakuwa mnyama. Kinachonikera ni jirani zaidi: kwamba umati ulikuwa uleule. Mtu aliyetoka London kwa treni mwaka 1872 akatazama pweza, akanunua picha ya Kalulu, alikuwa na hamu moja, na si hamu mbaya. Mimi pia nilikata tiketi. Alitaka kuona kitu cha mbali bila kulowa. Lakini katika picha zote mbili aliyefanya kazi ya kukileta hayupo: mvuvi, mpagazi, mpiga kasia, yule wa ndoo.

Niseme haraka yaliyofuata, kwa sababu samaki peke yao hawakulipa. Akwaria ikaongeza muziki na maonyesho. Ikafunguliwa hata Jumapili, na hapo ikaingia matatani: kulikuwa na sheria ya 1780 inayokataza kulipisha watu burudani siku ya Bwana, faini pauni 200 kwa kila Jumapili, na mtu yeyote angeweza kushtaki akachukua hiyo faini. Kesi ikafika mahakamani 1875, Terry dhidi ya kampuni ya akwaria, na kampuni ikashindwa. Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka huohuo ili serikali iweze kusamehe faini za namna hiyo. Unaona? Kutazama samaki kimyakimya Jumapili kuliisumbua dola iliyotawala sehemu kubwa ya dunia. Mwaka 1901 halmashauri ya mji ikalinunua jumba. Likabomolewa na kujengwa upya kwa sehemu miaka ya 1920. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na pomboo waliorushwa angani kwa ratiba hadi watu walipoandamana mlangoni, na mwaka 1991 wawili wa mwisho, Missie na Silver, wakapelekwa visiwa vya Turks and Caicos wakaachiliwa baharini. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia kazini, mwenye kusahau hata jina langu kila siku, aliwakumbuka wale pomboo vizuri sana. Alisema walikuwa wananuka samaki na walimlowesha koti jipya.

Kwetu kilichotangulia ni kitu cha kinyume. Mwaka 1968 Kenya ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, miongoni mwa za mwanzo barani Afrika, na mgeni akapandishwa boti yenye kioo chini: samaki wanabaki kwao, anayefungiwa ndani ya kioo ni mtalii. Ni wazo zuri, ingawa mvuvi wa Malindi aliyeambiwa hapa usitege tena ana maneno yake, na ni haki asikilizwe. Wakati huohuo, nje ya hifadhi, biashara nyingine imeendelea kwa miongo kadhaa. Wazamiaji wa pwani yetu hushuka na nyavu ndogo za mkono, wanakamata samaki wa rangi mmoja mmoja, wanafungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, wanaingizwa kwenye maboksi, wanapanda ndege. Kangaja wa buluu anayewekwa sebuleni Ulaya au Marekani anaweza kuwa ametoka mahali ambapo mzamiaji wake hajawahi kupata viza ya kwenda.

Kwa hiyo swali la Mama mbele ya vitatange lilikuwa la msingi. “Hawa wametokea wapi?” Nikasoma kibao. Kiliandika Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mama akafikiri. Hiyo ni anwani inayoanzia Tanga ikaishia Hawaii.

Akamwita kijana mmoja wa pale, mwenye fulana ya kazi na ndoo, mpole kabisa. Mimi nikawa mkalimani, maana Mama Kiingereza chake ni cha dawa na mashuka. Kijana akasema kwa huyu hana hakika, wengine siku hizi wanazalishwa matangini, wengine wanatoka baharini kupitia mawakala. Kisha akauliza, kwa dhati, kwetu anaitwaje.

“Kitatange,” Mama akasema.

Kijana akarudia, akakosea, akarudia. Akatoa kalamu mfukoni, akaomba aandikiwe, na kwa kuwa hakukuwa na karatasi akanyoosha kiganja chake, bado kimelowa. Mama akakipangusa kwanza kwa ncha ya mtandio, akaandika herufi kubwa, moja baada ya nyingine, kisha akamwambia kwa Kiswahili asubiri, kuna kangaja pia.